Laptopu iliyochangamka stima zikipotea

Mwezi wa Machi, kwa siku nane nzima, niliishi na laptopu iliyokuwa ikifanya mambo kinyumenyume. Stima zikiwapo na chaja imechomekwa ukutani, ilijikokota. Nabonyeza herufi, nangoja, herufi inajitokeza ikipenda. Kufungua orodha ya alama za wanafunzi kulikuwa kama kungoja maji ya mfereji yarudi. Stima zikipotea, papo hapo inachangamka kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini: faili zinafunguka, kivinjari kinatii, kila kitu chepesi. Kisha stima zinarudi, watoto wa mtaa wanapiga kelele za furaha, feni ya dari inaanza kuzunguka, na laptopu yangu inazimia tena.

Mke wangu alitoa hukumu mapema: ina shetani, ipelekwe ikasomewe. Mimi nilikuwa na dhana isiyo bora kuliko yake. Nilisema betri imechoka, maana hata ikiwa kwenye chaja asilimia haikupanda. Ilishuka tu kila stima zilipopotea, kutoka 71 hadi 58, hadi 40. Lakini betri iliyochoka haielezi kwa nini mashine inakimbia vizuri ikiwa juu ya betri hiyohiyo. Kawaida ni kinyume chake. Laptopu ikiwa kwenye betri hupunguza mwendo ili chaji idumu, na ikiwa kwenye stima ya ukutani huachiwa ikimbie.

Fundi wangu yuko ghorofa ya kwanza kando ya Barabara ya Digo, katika chumba ambacho nusu yake ni vioo vya simu vilivyopasuka. Niliwahi kumfundisha fizikia. Alipata D, na hachoki kunikumbusha kila anaponitengenezea kitu. Alifungua lile dirisha linaloonyesha shughuli za prosesa, ule ubongo wa mashine, akaniwekea kidole kwenye tarakimu ya mwendo wake: gigahezi 0.79. Prosesa yenyewe imeandikwa 1.7, na ina ruhusa ya kupanda hadi 3.6. Akachomoa chaja, ikaruka hadi 3 na ushei. Akachomeka, 0.79, na hapo ikaganda, haitikisiki hata ufungue nini.

"Mwalimu, hii chaja umeitoa wapi?"

Nilikuwa nimeinunua katika duka moja mjini baada ya panya kutafuna waya wa ile ya zamani. Bei ilikuwa nzuri mno, na mimi ni mwalimu. Bei nzuri mno hunipata kila mara. Fundi aligeuza kichwa cha chaja akanionyesha sindano nyembamba katikati ya tundu. Wapo watengenezaji wa laptopu, akasema, ambao sindano hiyo hawaitumii kupitisha umeme wa kuendeshea mashine. Ni ya mazungumzo. Ndani ya chaja halisi mna chipu ndogo, na kazi yake ni kujitambulisha: mimi ni chaja ya wati 65, au 90. Laptopu ikiuliza na isijibiwe, haijui imeshikana na nani. Kwa hiyo inakataa kuchaji betri, na inaishusha prosesa hadi daraja la chini kabisa.

Nikalalamika kwamba huo ni ukali. Si ingepunguza kidogo tu?

"Hamali humjui," akasema, "utamtwika gunia la kilo 90?"

Sikuwa na jibu. Chaja isiyojulikana nguvu zake ikivutwa kupita uwezo wake huchemka, na chaja iliyochemka imeshachoma nyumba za watu. Nilinunua nyingine, mara tatu ya bei ile, laptopu ikapona, na kisa kingeishia hapo. Lakini ile 0.79 ilinikaa kichwani. Kama prosesa ina ngazi ya kushuka hadi kiwango hicho, basi mtu aliijenga kwa makusudi, na hakuijenga kwa ajili ya chaja bandia. Usiku ule nikaanza kusoma, na kilichonishangaza ni kwamba jambo zima limekaa juu ya fomula ambayo nimeiandika ubaoni kila mwaka kwa kidato cha tatu, tunapofika kwenye kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi chaji, bila hata siku moja kuihusisha na mashine niliyoandikia maswali ya mtihani.

Nitaieleza kwa tangi la maji, kwa sababu kila nyumba ya kupanga hapa Mombasa ina tangi juu ya paa, na kila mpangaji ana maoni juu ya pampu.

Chukua bomba jembamba lililosimama wima kutoka ardhini, limeunganishwa na tangi. Ukifungua koki, maji yanajaa bombani hadi usawa wa tangi. Ukifungua koki ya chini, yote yanamwagika mtaroni. Jaza, mwaga, jaza, mwaga. Sasa liinue tangi kimo maradufu. Bomba litajaa maji maradufu, na kila lita iliyomo ilipandishwa na pampu kimo maradufu. Kwa hiyo kila ujazo mmoja umeigharimu pampu kazi mara nne, wala si mara mbili.

Ndani ya prosesa, kimo cha tangi ni volti. Mabomba ni nyaya ndogo na malango ya transista, zile swichi ndogo mno za umeme, maana kila kimoja hujaa chaji na kumwaga chaji kama kapasita. Sifuri ikigeuka moja, bomba limejaa. Moja ikigeuka sifuri, limemwagwa, na nishati yote imeishia kuwa joto mapajani mwako. Pampu ni betri. Kinachosema jaza na mwaga ni saa ya prosesa, ambayo hupiga kama chapuo kwenye chakacha: gigahezi 1 ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Wati zinazoliwa na kazi hiyo ni ukubwa wa mabomba, mara volti, mara volti tena, mara mapigo. Yaani C, V kipeo cha pili, f.

Itazame fomula hiyo kwa jicho la mtu mwenye betri ya asilimia 40 na stima hazijulikani zitarudi lini. Punguza mapigo nusu, wati zinapungua nusu. Vizuri. Lakini kazi iliyokuwa ya dakika 10 sasa ni ya dakika 20. Nusu ya wati kwa muda maradufu ni nishati ileile. Umechelewa na hukuokoa hata tone. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, kwa sababu miaka yote nilikuwa nikiamini, na nikiwaambia watu, kwamba laptopu ikienda polepole inatunza chaji. Polepole peke yake haitunzi kitu.

Kinachotunza ni kushusha tangi. Volti ndiyo iliyo kwenye kipeo cha pili, nayo haijali kazi itachukua muda gani: kila ujazo mmoja wa bomba unagharimu kidogo, uwe wa haraka au wa taratibu. Basi kwa nini mapigo nayo yapunguzwe? Hapa tena mpangaji wa Mombasa hahitaji mwalimu. Tangi likiwa chini, presha ni ndogo, ndoo inachukua muda kujaa. Transista iliyopewa volti ndogo hupitisha mkondo mdogo, na mkondo mdogo huchelewa kujaza bomba. Pigo la saa likija kabla bomba halijajaa, prosesa husoma sifuri mahali palipotakiwa kuwa moja, na hesabu inaharibika. Kwa hiyo mapigo hupunguzwa ili volti ipate ruhusa ya kushuka. Mwendo wa polepole ni gharama, na akiba iko kwenye volti.

Ndiyo maana kuna adabu ya kupanda na kushuka. Prosesa ikitaka kuongeza mwendo, volti hupanda kwanza, ikitulia ndipo mapigo yanaongezwa. Ikitaka kupunguza, mapigo hupungua kwanza ndipo volti inashuka. Ukikosea mpangilio, kwa muda mfupi tu utakuwa na mapigo ya haraka juu ya presha ndogo, na muda mfupi katika dunia ya gigahezi unatosha kuharibu hesabu milioni.

Nilitaka kuona tarakimu halisi. Mfano ninaoupenda ni wa Pentium M, prosesa ya laptopu ambayo Intel walitoa mwaka 2003 pamoja na jina la Centrino, ile nembo iliyobandikwa kwenye nusu ya laptopu za mtumba zilizoingia hapa miaka yangu ya chuo. Ile ya gigahezi 1.6 ilikuwa na ngazi sita. Juu kabisa, gigahezi 1.6 kwa volti 1.484. Kisha 1.4 kwa 1.420, 1.2 kwa 1.276, 1.0 kwa 1.164, megahezi 800 (yaani gigahezi 0.8) kwa 1.036, na chini kabisa megahezi 600 kwa volti 0.956. Piga hesabu ya ngazi ya juu na ya chini. Mwendo umebaki asilimia 37.5. Volti imebaki kama asilimia 64, na ukiizidisha kwa yenyewe unapata karibu 41. Zidisha zote, na wati zinabaki chini ya asilimia 16. Mwendo umepungua hadi zaidi kidogo ya theluthi, matumizi yakapungua hadi chini ya sehemu moja kwa sita. Na ukihesabu kwa kazi badala ya kwa sekunde, kila hesabu moja ya megahezi 600 iligharimu nishati isiyofika nusu ya ile ya gigahezi 1.6.

Tazama pia kwamba ngazi hazilingani. Kutoka 1.6 kwenda 1.4 volti inashuka kidogo tu. Kutoka 1.4 kwenda 1.2 inashuka zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa idadi ileile ya megahezi. Nilishindwa kulala kwa sababu ya mambo kama hayo, na nakubali kwamba hilo linasema mengi juu yangu.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko Pentium M. Mwaka 1994 Mark Weiser na wenzake watatu pale Xerox PARC, kituo cha utafiti huko California, walirekodi jinsi kompyuta za ofisini zinavyotumika kweli, kisha wakapiga hesabu: je, badala ya prosesa kukimbia kwa nguvu zote halafu ikae bure ikingoja mtu abonyeze kitu, ingenyoosha kazi yake kwa mwendo wa taratibu na volti ndogo ikajaza ile nafasi ya kukaa bure? Zama hizo prosesa zilikula volti 5. Walipata kwamba ukiruhusiwa kushuka hadi 3.3 unaweza kuokoa hadi asilimia 50 ya nishati ya prosesa, na ukishuka hadi 2.2, hadi asilimia 70. Na mfano waliotumia ni wa kobe na sungura. Wazungu wa California! Nilicheka peke yangu sebuleni saa sita usiku. Kobe, walisema, hutumia nishati kidogo kuliko sungura.

Ilichukua miaka sita wazo hilo kufika mapajani mwa watu. Januari 2000 Intel walitoa Pentium III ya laptopu yenye kile walichokiita SpeedStep. Kilikuwa na ngazi mbili tu, kama swichi ya taa: kwenye chaja megahezi 650 kwa volti 1.6, kwenye betri megahezi 500 kwa volti 1.35. Mwezi huohuo kampuni changa iitwayo Transmeta, ambako Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, alikuwa ameajiriwa, ikatangaza prosesa yake ya Crusoe, iliyoweza kupanda na kushuka ngazi nyingi wakati kazi ikiendelea, bila kungoja mtu achomoe chaja. Transmeta haikudumu sokoni. Namna yake ya kupanda na kushuka ndiyo iliyobaki, na leo kila laptopu na kila simu hufanya hivyo.

Sasa turudi kwenye kobe, kwa sababu kobe ana tatizo.

Hesabu yangu ya Pentium M ilitoa asilimia 16. Kiwango cha juu cha joto ambacho Intel waliitangazia prosesa hiyo kilikuwa wati 24.5, hivyo ngazi ya chini ingepaswa kuwa kama wati 3.8. Wao waliandika 6. Zile wati 2 na ushei zimetoka wapi?

Mfereji unaovuja. Transista hata ikifungwa haifungiki kabisa, na umeme kidogo hupenya. Enzi za volti 5 uvujaji huo haukumsumbua mtu. Lakini kadiri transista zilivyopunguzwa ukubwa, na volti ikashushwa kukaribia ile inayotenganisha kufungwa na kufunguka, tone liligeuka mkondo. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 volti za prosesa ziligoma kushuka tena kwa kasi ile ya zamani, zikakwama jirani ya volti 1. Hii ndiyo sababu gigahezi za laptopu ya mwaka huu hazijawa mara kumi ya zile za mwaka 2005, ingawa wauzaji hawapendi kulizungumzia sana.

Mfereji unaovuja hauulizi kama unafanya kazi. Muda wote tangi lina maji, unavuja. Kobe anayechukua dakika 20 anavujisha kwa dakika 20, na sungura aliyemaliza kwa 10 anaweza kwenda kufunga koki kuu. Na koki kuu ipo. Prosesa za tangu mwaka 2008 hivi zinaweza kukata umeme wa kiini kizima kisicho na kazi (prosesa moja huwa na viini kadhaa), kikalala usingizi wa pono, na kuamka baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwa hiyo mafundi wa kompyuta waligawanyika. Wapo waliobaki na kobe. Wapo waliosema kimbia umalize, kisha lala.

Nani ana haki? Nilijaribu kujibu kwa hesabu ya jikoni, na jibu nililolipata sikulitarajia.

Chukulia laptopu ambayo kioo, kumbukumbu, wifi na takataka nyingine zinakula wati 6 daima. Prosesa yake ikikimbia inakula wati 15, na kazi ni ya dakika 10. Jumla wati 21 kwa dakika 10: watisaa 3.5. Sasa mfanye kobe, nusu ya mwendo na volti ikishuka vizuri, prosesa ikala wati 5. Jumla 11, kwa dakika 20: watisaa 3.67. Sungura ameshinda kwa pua. Lakini hesabu hiyo inadhani kwamba sungura akimaliza, laptopu yote inafungwa. Kama unaketi palepale, kioo kinawaka, unasoma ulichoandika, basi zile dakika 10 zilizobaki zinakula wati 6 na nusu hivi, na sungura sasa ana watisaa 4.58. Kobe kamshinda mbali.

Yaani jibu linategemea kama utafunga kifuniko! Ukibana video ya maabara ili uifunge laptopu ukalale, mwache sungura. Ukiandika makala kama hii, vidole vikisitasita juu ya kibodi na kioo kinawaka muda wote hata ungefanya nini, kobe. Na kobe wa uongo, yule anayepunguziwa mapigo bila kushushiwa volti, hana ushindi wa maana: nusu ya mwendo kwa wati 7.5, jumla 13.5 kwa dakika 20, ni watisaa 4.5. Huyo anashindwa na mwenzake kobe, na sungura aliyefunga kifuniko anamwacha mbali. Hata prosesa nzuri hufika mahali volti haishuki tena, na chini ya hapo kila megahezi unayoiondoa inaongeza uchelewaji tu.

Nani basi anayeamua, sekunde hadi sekunde? Kwenye Linux anaitwa gavana. Wakenya wa umri wangu tulilijua neno hilo kabla ya kuwa na kaunti: ni spidi gavana, zile zilizoamriwa kwenye matatu mwaka 2004 enzi za waziri John Michuki, kikomo kilomita 80 kwa saa. Mwaka huohuo Linux ilipata gavana wake maarufu, aliyeitwa ondemand. Lakini hawafanani tabia. Gavana wa matatu anajua neno moja tu, basi. Ondemand anachungulia kila baada ya muda mfupi prosesa ilikuwa na shughuli kiasi gani. Shughuli ikipita kizingiti, asilimia 80 kwa mfano, anairusha moja kwa moja hadi juu kabisa. Ikipoa, anaishusha. Yupo mwenzake mpole anayepanda ngazi mojamoja, yupo anayeganda juu, yupo anayeganda chini. Baadaye, mwaka 2016, akaja schedutil, ambaye haendi kuchungulia. Anaambiwa na yule anayepanga foleni ya kazi ndani ya mfumo endeshi.

Kosa la magavana hao wanaopanda na kushuka ni kwamba wanatazama nyuma. Wanaona kazi iliyokwisha kuja, ndipo wanaamua. Ukibofya kitu, milisekunde kadhaa za mwanzo zinatekelezwa kwa mwendo wa kobe kabla amri haijafika. Kwa hiyo kuanzia mwaka 2015 Intel waliihamishia kazi hiyo ndani ya prosesa yenyewe, inajiamulia ngazi yake, na mfumo endeshi unabaki kunong'ona tu: leo nipendelee kasi, leo nipendelee betri. Ile alama ya betri iliyovutwa kushoto na kulia kwenye Windows 10, kwa mashine zenye uwezo huo, sehemu kubwa ilikuwa mnong'ono huo.

Kuna mpangilio mmoja wa Windows ninaoutumia kila Kaskazi ikivuma na chumba kikawa tanuri. Kwenye mipangilio ya ndani ya umeme pana mahali pa kuweka kiwango cha juu cha prosesa, na kimeandikwa asilimia 100. Weka 99. Utadhani umepoteza asilimia moja, kumbe kwa prosesa nyingi umezima turbo yote, ule mwendo wa juu kuliko ulioandikwa kwenye prosesa. Yangu inakoma kwenye 1.7 badala ya kurukia 3.6. Feni inanyamaza. Kwa kuandika na kusoma sioni tofauti, na sababu ni ileile ya tangi: zile gigahezi za juu kabisa ndizo zinazodai volti kubwa zaidi, na volti inalipwa mara mbili. Kisha kuna hesabu ya pili, kwamba silikoni ikipata moto huvuja zaidi, na ikivuja zaidi hupata moto zaidi. Hewa ya Mombasa mwezi wa Machi haisaidii upande wowote wa mzunguko huo.

Wengine walikwenda mbali kuliko mimi. Kila prosesa hutoka kiwandani na akiba kidogo ya volti, tangi likiwa juu kidogo kuliko lazima, ili hata ile dhaifu kuliko zote isikosee hesabu. Wajanja walikuwa wakiipunguza akiba hiyo kwa programu, mapigo yakibaki yaleyale, wakapata mashine baridi na betri inayodumu bila kupoteza mwendo. Ilikuwa bure kabisa, au ilionekana hivyo. Desemba 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham, Graz na Leuven wakaonyesha upande wa pili, wakauita Plundervolt: mtu mbaya aliyeishika kompyuta anaweza kushusha volti kiasi tu cha kuifanya prosesa ikosee hesabu ndani ya lile sanduku la siri ambalo hata mfumo endeshi hauruhusiwi kuchungulia, na kutokana na makosa hayo akachokonoa funguo za siri. Intel wakatoa marekebisho ya kufunga mlango wa volti, na laptopu nyingi zikapoteza uhuru huo zilipopokea bayosi mpya, ile programu ya kuwashia mashine. Wajanja walikasirika. Mimi sikuona ajabu. Tayari fomula ilikuwa imesema kwamba presha ndogo juu ya mapigo ya haraka huharibu hesabu. Kilichobaki kilikuwa mtu wa kulitumia kwa ubaya.

Muhula wa pili niliipeleka ile chaja ya bei nzuri darasani, siku ya kapasita. Nilitaka waione ile chipu ndogo ya kujitambulisha. Nilidhani ipo ila imeharibika, au imeandikwa vibaya. Tuliipasua kwa msumeno wa chuma mbele ya kidato cha tatu chote, wawili wameshika, mmoja anakata. Ndani mlikuwa na transfoma ndogo, kapasita mbili, na hewa nyingi kuliko nilivyotarajia kwa kitu kilichoandikwa wati 90 kwa herufi za dhahabu. Msichana wa mbele akaufuata waya mwembamba wa sindano ya katikati kwa ncha ya kalamu, kutoka kichwani hadi ndani ya sanduku. Ulikuwa umekunjwa, ukafungwa kwa utepe mweusi. Haukuungwa popote.